Dume Iliyokosa Mlaji

La, haikuwa mgonjwa. Hiyo dume ya ng'ombe ilikuwa mzima, nyeusi, imenona mpaka mgongo ungeweka sufuria ya chai na isimwagike. Niliichungulia kwa siri na haya macho yangu nyuma ya boma, imelazwa juu ya matawi mabichi, imekufa kwa heshima zote. Hiyo heshima ndiyo ilituharibia siku.

Tulikuwa tumetoka Kitengela asubuhi kwenda Kajiado kumposea mjukuu wangu. Sisi ni Wakamba lakini Waislamu. Marehemu mzee wangu alinipata Mkristo akaniacha Muislamu. Mjukuu anaendesha lori ya mawe, ndevu imeanza kuingia mvi, na mimi nilitaka kuona bibi yake kabla sijaoshwa. Msichana ni Mmaasai, karani kwa ofisi ya serikali huko Kajiado, mpole lakini jicho lake linakupima. Wazee wake walikuwa wametuma neno: tukila nyama kwao, maneno imeisha, msichana ni wetu. Tusipokula, tumemkataa.

Kula nyama. Mimi nikasema hiyo ni shida gani.

Tulienda na ustadhi wa msikiti yetu, ile ya mabati nyuma ya duka ya simiti. Ni mtu wa Pwani, mwembamba kama mwiko. Yeye ndiye anaswalisha, anafundisha watoto madrasa, anaosha maiti, na spika ikikwama anapanda ngazi kuigonga. Anaongea polepole kama mtu anasoma habari kwa redio: "Mama yangu, tafadhali chukua tahadhari, mbele yako pana tope." Akimaliza hiyo, viatu yako imelowa zamani.

Baba ya msichana alitupokea kwa mlango ya boma. Mzee mkubwa, fimbo mkononi, sauti inatokea kwa tumbo.

"Sopa, yeyo," akaniambia, yaani hujambo mama.

"Ipa," nikaitikia, juu hiyo salamu kila mtu Kitengela anajua.

"Sisi tunajua Waislamu," akasema. "Muislamu hali kitu hajachinja mwenyewe. Tumewawekea kisu."

Nikafurahi. Hata kwetu mtaani ni hivyo, majirani wakipata mgeni Muislamu wanabisha kwangu na kuku kwapani: "Cucu, kuja utuchinjie." Mimi huchinja, dini haikatazi mwanamke. Ustadhi akasema alhamdulillahi, akakunja mikono ya kanzu, akaenda nyuma. Hakukaa hata dakika mbili. Akarudi na kisu kisafi.

"Mzee wangu, mnyama huyu amekufa."

"Ndio."

"Amekufaje?"

"Tumemziba pua na mdomo. Polepole. Hata tone moja ya damu haijapotea."

Kumbe kwao dume ya shughuli kubwa haikatwi shingo, inazibwa pumzi.

"Sasa mimi nichinje nini?"

"Yeye." Mzee akamwangalia kwa huruma. "Tumekusaidia. Akiwa hai anapiga teke."

Ustadhi akafunga macho. "Huyo ni nyamafu, mzee wangu. Halaliki tena."

"Si uombe? Mimi ni mzee wa kanisa, najua maombi. Omba kidogo, mimi nitanyamaza."

Mjukuu wangu akaninong'onezea, "Susu, si tukule tu, hii kitu imekam mbali." Susu ndiyo nyanya kwa Kikamba, kama cucu kwa Kikuyu na koko kwa Kimaasai. Nikamkanyaga mguu.

Wazee wakaongea Kimaasai muda mrefu, kisha mbuzi mzima akaletwa, analia.  Ustadhi akaniinamia, na ile Kiswahili yake yote imekauka: "Mama, mimi tangu nizaliwe sijachinja zaidi ya jogoo. Na huyo jogoo alinikimbia."

Basi nikashika kisu mwenyewe. Nikamwelekeza mbuzi kibla, bismillahi, mara moja, kazi imeisha. Shangazi wawili wa msichana wakaruka na sufuria kukinga damu. Ustadhi naye akaruka, akisema damu nayo ni haramu, wamwage, mmoja anavuta sufuria huku, mwingine huko, kanzu ikapata rangi mbele yote. Alikuwa anafanana na mtu ameponea ajali.

Nikasema sasa tumefika. Hapana. Kaka za msichana wakasimama, watatu, na shuka zao nyekundu. Yule mrefu anatengeneza kompyuta mjini, lakini hiyo siku alikumbuka yeye ni morani. Akaongea puani: "Nyama imeonwa na mama, sisi morani hatuwezi gusa. Na hii, mama hajaona tu. Mama ndio ameua."

"Na zile sambusa ulimaliza kwangu mwezi jana," nikamuuliza, "ulidhani imepikwa na chifu?"

"Hiyo ilikuwa Kitengela, koko."

Ikawa hivi: dume, sisi hatuli. Mbuzi, vijana hawali. Nikamwambia mzee kila mtu akule yake, tumbo haziangaliani. Mzee akagonga fimbo chini. "Watu wanaoana hawali nyama mbili. Tutakula moja, ama tusioane."

Wakaanza kutafuta mnyama wa tatu. Swali ikawa achinjwe na nani, afe vipi, na mimi nikiwa nimeangalia wapi. Mtu akasema niwekwe ndani ya gari na madirisha ifungwe. Mwingine akasema ustadhi afundishwe kwanza. Ustadhi akasafisha koo: "Waheshimiwa, pengine tungekula maharagwe."

"Maharagwe," mzee akasema, vile mtu anarudia jina ya marehemu.

"Ama kuku," nikasema mimi.

"Hiyo ni ndege."

Jua likapita juu yetu. Nzi walikuwa wameanza kula dume, hao hawakuuliza dini. Wazee wakabishana, ustadhi akabishana, mimi pia sikunyamaza, nakubali. Mjukuu alikuwa amekaa kwa kiti ya plastiki katikati, mikono kwa magoti, anageuza kichwa kwa kila mtu anayeongea.

Ndio msichana akatoka jikoni, shanga zote shingoni na leso ya kupikia kiunoni, amebeba trei ya chai. Hakutuangalia sisi. Alisimama mbele ya mjukuu.

"Na wewe unasema nini?"

Mjukuu akaniangalia mimi. Akaangalia ustadhi. Akaangalia mzee.

"Mimi nangoja wazee waseme."

Msichana akaweka trei chini, polepole, hata kikombe hakikulia.

"Basi wazee wakuoe."