Chuma cha Kuvunia Mpunga

Ukimwomba Fridolin akutengenezee kisu, hakuulizi ukubwa. Anauliza kitakata nini. Ukijibu kwamba kitakata kila kitu, anakuonyesha njia ya dukani.

"Huko wanavyo," anasema. "Visu visivyojua kazi yake."

Karakana yake iko Lipangalala, pale Ifakara, kibanda cha mabati chenye tanuri la udongo. Springi za magari ni za mapanga tu, maana panga hupiga kisiki na lazima linyumbuke lisikatike. Tupa zilizochakaa ni za visu vya samaki. Ni ngumu, zinashika makali siku nzima, ila ukikiangusha kisu cha tupa sakafuni unaokota vipande. Nondo haziingii humo kabisa. Nimewasikia wafua visu wa nchi kadhaa wakibishana juu ya chuma, na kila mmoja ana chuma kimoja anachokiamini kuliko vyote. Fridolin hana. Chuma kizuri kwake ni kile kilichopewa kazi yake.

Lakini kulikuwa na kimoja alichokipenda: msumeno mrefu wa kupasulia mbao alioachiwa na baba yake. Ulikuwa mwembamba, mgumu, na bado unapinda na kurudi. Kila mwaka kabla ya mavuno alikata kipande, akafua visu vidogo vya mpunga vya mkewe Balbina na wanawake wenzake, wanaovuna kwa kibarua mashamba ya Namawala. Wanakata suke kwa suke, na malipo yao ni mpunga. Uhunzi ulileta sabuni na ada ya shule. Wali wa nyumba ile ulitoka kwenye visu vya Balbina.

Mwaka huu msumeno ulikuwa umebaki kipande kimoja. Fridolin alikuwa ameshachora visu juu yake kwa chaki.

Ndipo Nassib, mwenye mashamba makubwa kuliko wote kule Namawala, akanunua kombaini, na wanawake wakaambiwa wapumzike. Siku ya kwanza tu kombaini ikapiga kisiki kilichofichwa na matope, na nusu ya meno yake ya kukatia yakavunjika. Meno mapya yaliagizwa Dar es Salaam, hayakufika. Mpunga ulikuwa umeanza kupukutika, na mawingu yamekaa juu ya milima ya Udzungwa. Nassib akatuma ujumbe kwa akina Balbina: wakae tayari.

"Mungu akibariki kile kisiki," Balbina alisema, wenzake wakacheka.

Kesho yake Nassib alifika karakanani na mfuko mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeniletea maiti?"

Nassib akayamwaga meno mezani. Fridolin akachukua moja lililojikunja.

"Nani kafanya hili?"

"Fundi wa kuchomelea, pale stendi. Springi ya Fuso."

"Chuma cha kukatia magogo umekipeleka kwenye majani! Limelala hilo, tazama. Na hili?"

"Tupa. Lilipasuka hata hatujamaliza mstari mmoja."

"Wewe umetaka kuvuna kwa kisu cha samaki," Fridolin akasema, akacheka mpaka akakohoa.

"Basi nawaita akina mama tu," Nassib akasema, akikusanya vipande vyake. "Dereva wangu kaniambia tangu mwanzo. Chuma cha kazi hii hakipo Ifakara nzima, na hata kingekuwepo, hakuna wa kukijua."

Balbina alikuwa mlangoni na beseni la mihogo. "Baba Hilari," aliita haraka, "chai inapoa."

Fridolin hakugeuka. "Kasema hakuna wa kukijua?"

"Ndivyo alivyosema," Nassib akajibu.

"Nisubiri hapo nje."

Nassib alipotoka, Balbina aliweka beseni chini.

"Mwambie hakipo. Neno moja, anaondoka."

"Lakini kipo."

"Kipo, ni cha visu vyetu."

"Ataenda kusema sijui chuma, mama Hilari."

"Aseme! Tutapika maneno ya Nassib?"

Fridolin alilowesha kitambaa, akafuta chaki.

Alikata, akatoboa, akachoma mpaka chuma kikawa chekundu kama nyanya, akakizamisha kwenye oili chafu ya gari. Kisha akakirudisha kwenye moto mdogo, akakiangalia bila kupepesa mpaka kikageuka rangi ya suke lililoiva. Hapo ndipo kinapoacha kuvunjika lakini hakijakubali kulala.

Meno yale yalifungwa, kombaini ikaingia shambani. Wanawake walisimama kwenye tuta na Fridolin akasimama nao, akiinamisha sikio kuelekea mashine. Hakuna jino lililolia. Dereva akamnyooshea dole gumba, naye akatabasamu.

"Dada Balbina," Dorika mwenzao alisema, "mumeo fundi kweli. Kakata safi, hata masuke ya kuokota hatukuachiwa."

Balbina alikuwa ameshashuka tuta, anaelekea barabarani. Fridolin alimwita mara mbili.

Mvua ilinyesha mpunga ukiwa ghalani kwa Nassib. Kombaini imeshakwenda kwenye mashamba mengine, na mafundi wa stendi wanakuja Lipangalala kuuliza chuma kile kilikuwa cha nini. Fridolin anawaeleza kwa kirefu.

Nyumbani wanakula ugali. Jioni niliyokuwa pale, Balbina aliketi jikoni akikata matembele kwa kisu cha mpunga cha mwaka jana, akikigonga kwenye ubao.

"Mama Hilari, hicho siyo cha mboga," Fridolin alisema. "Utakiua makali."

Balbina hakuinua kichwa.

"Ni cha kukata nini?"

Akaendelea kukigonga kwenye ubao.