Saa ya kale iliyogonga mara nane saa mbili asubuhi

Juzi niliingia mbio kwa fundi saa pale Mwanga, mtoto mgongoni, saa ya kale ya mezani kifuani, sikumbuki hata kama nyumbani nilifunga mlango. Niliinunua Ujiji ikiwa imekufa, fundi huyu akaifufua, nikafurahi kwamba itanikumbusha dawa ya mtoto saa mbili asubuhi. Basi niko jikoni ikaanza kugonga, nikahesabu: nane! Saa nane mchana, na dawa sijampa!

"Shikamoo fundi, saa yako itaniulia mtoto!"

"Marahaba. Mbona anacheka?" Akaigeuza. "Mshale mfupi uko wapi?"

"Kwenye nane."

"Kwenye nane tunasomaje, mama?"

"Saa mbili," nikajibu, sauti ikipungua.

"Macho yako yamezoea. Masikio bado."

Mishale hakuigusa. Aliiachia kengele igonge, igonge, mpaka hesabu ikakaa vile tunavyosema wenyewe.

Sasa ikifika saa mbili inagonga mara mbili. Jana shemeji, mwalimu wa hesabu, akatazama mshale, akasikiliza, akasema saa mbovu, niirudishe kwa fundi.

Nikamwambia apishe, mtoto anakunywa dawa.