Nilivyomvua Kofia Tarishi wa Korti

Jamani, msianze kunicheka kabla sijamaliza, maana aibu hii nimeibeba tangu enzi za Mwingereza, na hata leo nikipita karibu na ile korti ya Tabora natazama upande wa pili kama mtu aliyepoteza ng'ombe.

Nilikuwa na lori. Yaani nilikuwa nalo kwa mkopo, nililitoa kwa mwenye duka mmoja wa mjini, nikawa nabeba karanga na asali kutoka Puge na kila mwezi nampelekea chochote, mpaka masika moja barabara ikageuka uji, lori likalala njiani, malipo yakasimama, na mwenye duka akaja na watu wake akalichukua. Niliumia, lakini nikajisemea basi, gari limekwenda na deni limekwenda (nani angefikiri vingine? Mtu kachukua kitu chake, anadai nini tena?).

Sasa hapo ndipo anapoingia Kondo, tarishi wa korti. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, basi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani. Huyu ndiye aliyelala kaburini siku ya kumzika baba yangu, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo! Mtu wa namna hiyo anakuja kwangu mtaa wa Cheyo, ananipa karatasi yenye muhuri na kusema, "Mtani, umeshtakiwa. Lile lori limeuzwa mnadani, pesa haikutosha, unadaiwa iliyobaki. Jibu kwa maandishi kabla ya siku ya kesi iliyotajwa humo. Usipojibu, watakuja kuchukua cherehani ya shemeji."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nidaiwe lori ambalo sinalo!

"Mtani, safari hii si utani," akasema.

(Nanyi mnajua, mtani akisema si utani, hapo ndipo utani wenyewe unapoanza.) Mke wangu, Mama Kulwa, ambaye tangu lori liondoke tulikuwa tunakula kwa cherehani yake, akaniambia, "Baba Kulwa, mpelekee hata karani mmoja akusomee vizuri." Nikamjibu kwamba sitampa Mzaramo raha hiyo. Ile karatasi nikafungia tumbaku.

Siku ya kesi ikafika, nikaona nimrudishie Kondo utani wake. Nikakusanya rafiki zangu, tukaenda kortini, nikamkuta mlangoni amesimama kifua mbele na kofia yake nyekundu ya kazi. Nikainyakua, nikaivaa, nikaingia nayo ndani huku napiga kelele, "Leteni jogoo, la sivyo Mzaramo atarudi pwani kichwa wazi!"

Hakuna aliyecheka. Mbele yangu alikaa hakimu, Mzungu mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, na kwenye benchi la mbele yule mwenye duka, ambaye alininyooshea kidole na kusema, "Ndiye huyo, bwana hakimu."

Nikageuka nyuma. Rafiki zangu, sijui walitokea mlango gani.

"Vua kofia ya serikali," hakimu akasema. "Majibu yako yako wapi?"

Majibu! Na nilikuwa nayo, maana walipoanza kueleza habari za mnada ndipo niliposikia kwamba lori langu zima lilinunuliwa na shemeji wa mwenye duka kwa bei ya baiskeli. Nikapayuka, nikalalamika, jasho linanitoka. Hakimu akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema maneno hayo yangenifaa sana kama ningeyaandika kwa wakati, lakini sasa muda umepita. Akanihukumu nilipe deni lote, na faini ya fujo juu yake.

Pesa sikuwa nazo, kwa hiyo aliyetumwa kuja kuchukua cherehani ni Kondo. Nilimsubiri anicheke. Ningempa hata mbuzi ili anicheke tu! Akamwambia mke wangu, "Pole sana, shemeji," akaibeba kwa uangalifu kama anabeba mtoto, akatoka bila kunitazama usoni.

Tangu hapo karatasi yenye muhuri, hata ikiletwa na mtani mlevi, naijibu siku hiyo hiyo. Mama Kulwa alishona kwa mkono kwa miaka mingi, na kila jioni mimi ndiye niliyempitishia uzi kwenye sindano.