Mkono wa Kulia wa Bi Tepu

Kilichomshtua kwanza ni blauzi. Aliishona mwenyewe, ya kitambaa cha bluu chenye madoa meupe, na alishaivaa mara nyingi tu. Asubuhi ile mkono wa kushoto uliingia bila shida, wa kulia ukagoma kwenye kiwiko. Akavuta. Akavuta tena, mshono wa kwapani ukaachia. Alifika kazini amevaa blauzi nyingine, uso umemkunjamana, na kabla hata ya kunisalimia akaniambia, "Nipime."

Mimi na yeye tulikuwa tukishona kwenye meza zinazotazamana, katika karakana ya sare za shule na za ofisini, huo ukiwa mwaka wetu wa kumi na moja pale. Jina lake halikuwa na kazi pale. Kila mtu alimwita Bi Tepu, kwa sababu tepu ya kupimia haikutoka shingoni mwake. Hata siku aliyolazwa kwa upasuaji, muuguzi ndiye aliyemvua.

Nikachukua tepu hiyo, nikampima juu ya kiwiko, mkono huu na ule. Wa kulia ulizidi kwa sentimita tano na nusu.

"Umekosea," akasema.

Nikapima tena. Tano na nusu. Akaninyang'anya tepu akajipima mwenyewe, ncha moja ameiuma kwa meno. Ikaja ile ile.

Mwaka mmoja na nusu nyuma alikatwa titi la kulia kwa sababu ya saratani, na tezi za kwapani zikaondoka nalo. Dawa kali alizimaliza, nywele zikaota, daktari akamwambia vipimo ni safi. Sote tulijua yale yamepita. Yeye ndiye aliyejua zaidi, maana hakutaka hata yatajwe.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, wiki tatu kati ya nne yuko njiani, kwa hiyo hospitali nilimsindikiza mimi.

"Saratani haijarudi," daktari alianza na hilo, na nikamwona Bi Tepu akishusha mabega. "Hii ni limfu."

Akatueleza kwa kutumia mkono wake mwenyewe. Damu ikizunguka mwilini, maji kidogo huvuja na kubaki nyamani. Maji hayo yana vijia vyake vya kurudia, vyembamba, vinavyopita chini ya ngozi na kwenye tezi, na ndiyo yanayoitwa limfu. Damu inasukumwa na moyo. Limfu haina moyo wa kuisukuma hivyo; inategemea sana misuli ikijikunja na kujinyoosha, na pumzi ikiingia na kutoka. Sasa kwa Bi Tepu tezi za kwapani hazipo. Maji yakifika pale hayana pa kupita, yanajaa mkononi.

"Kwa nini sikuambiwa?"

"Uliambiwa, mama. Kuna karatasi ulipewa siku ya kuruhusiwa."

"Siku ya kuruhusiwa nilikuwa nimelewa dawa za maumivu! Ungenipa hati ya kuuza nyumba ningetia saini."

Daktari akamwandikia aende kwa mtaalamu wa viungo. Kwenye dirisha la miadi karani akatuambia mtaalamu ni mmoja na zamu ya Bi Tepu itafika baada ya wiki sita. Bi Tepu alimtazama yule karani hadi karani akaanza kupanga upya faili ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Wiki hizo sita ndizo zilizotuharibia. Mtu akivimba mkono, kila anayempita anageuka tabibu. Nyumbani kwake alikuwa akiishi na wifi yake, dada wa mumewe, mjane mwenye moyo mkubwa na mdomo usiopoa. Siku moja wifi akamletea mfuko wa unga wa kijani alioupata kwa jirani.

"Wifi, huu unasafisha limfu yote. Kijiko kimoja asubuhi, sumu zinatoka zenyewe."

"Daktari hakusema nina sumu. Alisema nina maji."

"Basi na maji yatatoka."

Yalitoka, ila siyo ya mkononi. Siku nne Bi Tepu alikuwa akiinuka kwenye cherehani anakimbilia chooni, na jioni ya siku ya nne tulipopima, mkono ulikuwa vilevile. Unga akautupa. Wifi akanuna wiki nzima.

Mchango wangu mimi ulikuwa mbaya kuliko huo. Tulisikia kwamba hospitali watampa mkono wa kuvaa, wa kitambaa kinachobana. Nikamwambia, "Sasa sisi ni mafundi, tunasubiri nini?" Tulikuwa na vipande vya kitambaa cha kuvutika vilivyobaki kwenye sare za michezo. Akakata, akashona kwa oveloki, ile mashine ya kufunga kingo, mshono mzuri huwezi kuona kasoro. Ila sehemu ya juu ilikuwa inateleza kushuka. Mimi ndiye niliyesema tutie lastiki.

Aliuvaa saa mbili asubuhi. Kufika saa sita, kiganja kilikuwa kimejaa kama glavu iliyotiwa maji na vidole haviingii kwenye mkasi. Tukajaribu kuuvua, haukutoka. Ilibidi niukate, naye ameuma midomo, na pale lastiki ilipokaa palibaki mfereji mwekundu unaoweza kulaza penseli.

"Usiseme kitu," akaniambia.

Zamu ilipofika, mtaalamu alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti. Aliugeuza mkono polepole, akaona alama ambayo bado haijafutika.

"Umevaa nini hapa?"

"Nilijishonea."

"Na hii ya juu?"

"Lastiki."

"Nani alikushauri utie lastiki?"

Bi Tepu akanigeukia. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mtaalamu hakugomba. Alieleza kwamba kitambaa cha kazi hiyo hubana zaidi kwenye kiganja na kulegea kadiri kinavyopanda, ili maji yasukumwe kuelekea juu, na kwamba sisi tuliyafungia mlango yabaki chini. Kisha akamfundisha. Kwanza pumzi: mkono tumboni, avute hadi tumbo liinuke, atoe taratibu. Halafu shingoni, kwapa la kushoto, kifuani, mwisho kabisa mkono wenyewe. Aivute ngozi kwa kiganja, polepole, kuelekea juu, kwa uzito mdogo sana.

Bi Tepu alikuwa mtu wa kukanda, kupiga pasi na kukaza uzi. Akakandamiza.

"Taratibu zaidi, mama. Vijia vyenyewe viko chini tu ya ngozi. Ukikandamiza unaviminya."

"Hapa sifanyi kazi yoyote. Hapa nampapasa paka."

"Basi mpapase paka. Kila siku, mara mbili."

Alifungwa bendeji kuanzia vidoleni hadi kwapani, tabaka juu ya tabaka, wiki tatu. Hakuweza kutunga uzi kwenye sindano kwa mkono wa kulia. Alitunga kwa meno na mkono wa kushoto, akitukana mashine, uzi, na taa ya karakana. Bosi wetu akaja na wazo lake la huruma: akae mbele, apokee wateja.

"Mimi ni fundi," akamjibu.

"Najua, lakini kwa hali hiyo..."

"Kwa hali hii nimemaliza sketi kumi na mbili tangu asubuhi. Waulize wenye mikono miwili wamemaliza ngapi."

Bosi akaondoka. Mimi nilikuwa na tisa.

Baada ya bendeji akapewa mkono wake halisi wa kubana, uliopimwa sehemu saba, rangi ya udongo mkavu. Ulikuwa na joto, ulimwasha, na kuuvaa kila asubuhi kulimchukua robo saa ya kuvuta na kusonya. Watu njiani waliuliza kama ameungua. Kila baada ya saa moja alisimama katikati ya karakana, akainua mikono, akakunja ngumi na kukunjua, akapumua kwa tumbo, akazunguka meza mara mbili. Mwanzoni tulicheka. Akaendelea tu. Hakubeba tena majora ya kitambaa, alipaka mafuta ngozi isipasuke, na kila Jumatatu tulipima. Tano. Nne na nusu. Tatu na nusu. Mwezi wa nne tulifika mbili na nusu, na siku hiyo alinunua soda mbili, moja yangu, bila kusema ni ya nini.

Kisha zikaja sare za kufungua shule. Wiki ile kila mtu alishona kama anafukuzwa. Siku ya Alhamisi sindano ikampita kidole cha shahada, mkono ule ule. Kwetu sisi hilo si jambo. Hutokea, unafuta damu, unaendelea. Alifuta kwa kipande cha kitambaa, akaendelea.

Ijumaa mchana nilimwona anatetemeka, na jua linachoma bati juu yetu. Nikagusa mkono, moto. Tukauvua ule wa kubana. Wekundu ulikuwa umepanda kutoka kidoleni hadi karibu na bega, kama ramani.

Alilazwa siku tatu. Dripu ilitiwa mkono wa kushoto. Daktari alisema mkono usio na tezi haujilindi kama mwingine, kidonda kidogo kinageuka homa kubwa, na tulifanya vizuri kutongoja hadi kesho yake. Mtaalamu wa viungo alipopita wodini na tepu yake, sikutaka hata kutazama. Bi Tepu alitazama.

"Ngapi?"

"Tano. Lakini ni kwa sababu ya maambukizi, itashuka..."

"Tano!" Aligeuza uso ukutani. "Miezi minne. Sikukosa hata siku moja. Nimevaa hilo guo kwenye joto, nimepumua kama chura, nimefanya yote mliyosema. Sindano moja tu, na nimerudi nilikoanza."

Mtaalamu akavuta kiti.

"Hukukosea popote."

"Ndiyo maana nina hasira! Ningekosea ningejua cha kurekebisha." Akafuta macho kwa shuka. "Niambie ukweli. Nitavaa hivi mpaka lini?"

"Siku zote, mama. Mkono unaweza kupungua sana. Kuisha kabisa, siwezi kukuahidi. Lakini utazoea."

"Usiniambie nitazoea."

"Haya. Sikuambii."

Alilia kwa hasira karibu nusu saa, na mimi nilikaa pale nimeshika mfuko wa machungwa sijui niuweke wapi. Alipomaliza akaniomba nimletee kesho yake kifuniko cha kidole cha bati, kile ambacho mafundi wote tunacho kwenye droo na hakuna anayekivaa.

Alirudi kazini baada ya wiki mbili, amekivaa. Akaweka chupa ya dawa ya vidonda pembeni ya mashine, na akamwambia bosi kwamba akichomwa anaacha kushona papo hapo hata kama mteja amesimama mlangoni. Bosi hakubisha. Ilichukua miezi mitano mkono kushuka hadi sentimita mbili, ukagota hapo. Hadi leo uko hapo. Blauzi anazikata mkono wa kulia mpana zaidi, na mteja akishangaa anamwambia ni mtindo.

Kinachomshinda siyo mkono. Ni kusaidiwa. Ndoo, mifuko ya sokoni, godoro la kuanika, vyote sasa anabeba wifi yake, na wifi hamfanyii hivyo kwa kinyongo. Anafanya kwa moyo mmoja, vibaya.

Jumapili iliyopita niliwapitia nikawakuta uani. Wifi alikuwa anaanika mashati ya mumewe Bi Tepu, ameyabana kwenye kola. Bi Tepu amekaa kwenye ngazi, mkono umeegemezwa juu ya mto, anakunja ngumi na kukunjua.

"Wifi, shati linabanwa kwenye pindo la chini. Kola itatanuka."

"Kola haijawahi kutanuka kwangu."

"Yote yametanuka. Mimi ndiye ninayeyanyoosha."

"Basi njoo uanike wewe."

Wifi akaona alichosema, akashika shati lililofuata kwa hasira, akalipindua, akalibana kwa pindo la chini, limepinda, bega moja linagusa ardhi.

Bi Tepu akafumba macho. Akavuta pumzi hadi tumbo likainuka.

"Karibu ukae," akaniambia bila kuyafumbua. "Na usimsifie."