Gari la Mashindano Njia ya Basotu

Najua utacheka. Cheka kwanza umalize, halafu unisikilize. Mimi niliishia darasa la nne, kutunga hadithi ningejifunzia wapi? Hili lilinipata mwenyewe, njia ya Basotu, enzi za mashamba ya ngano ya serikali.

Nilikuwa dereva wa trekta, na si wa kubahatisha. Mistari yangu ya jembe ungeipima kwa kamba. Msimu wa kulima trekta hazizimwi: mwenzako anashuka injini ikinguruma, wewe unaizunguka mashine, unaikagua, kisha unasema, "Nimepokea." Ukishatamka hivyo ni yako. Izame, ivunjike, ni yako mpaka mwingine apokee.

Na magari niliyajua. Mzungu wa karakana alibandika ukutani picha za magari ya mashindano, yale yanayokimbia mchana na usiku, madereva wakipokezana kama sisi. Alinieleza kwamba machache sana hufungwa indiketa, namba na kiti cha pili, yakaruhusiwa kutembea barabarani kama gari la padri. Hata huko kwao mtu anazeeka hajaliona. Mimi nimeliendesha. Wewe je?

Alfajiri moja nilitoka kambini kwa miguu kwenda zamu. Baridi kali. Nikasikia ngurumo nyuma yangu, na kabla sijageuka limeshasimama ubavuni. Paa lilinifika kiunoni! Pana, jeupe, na bawa nyuma kama meza. Vumbi la njia ile unalijua, linaingia mpaka kwenye meno. Gari lile halikuwa na hata punje.

Mlango ukafunguka kwenda juu. Ndani alikaa mzee mwenye ndevu nyeupe.

"Shikamoo," akaniambia.

Mzee wa umri wa babu yangu ananiamkia mimi, kijana! Mtu mwenye akili angekimbia, siyo? Mimi nilijiona mkubwa. Nikaitikia, "Marahaba!"

"Mkuu, nasikia Hanang yote hakuna dereva kama wewe."

"Na Mbulu," nikamsahihisha.

Akahamia kiti cha pili. Nikaingia.

Niamini, sijawahi kuonja kitu kama kile. Injini inaunguruma nyuma ya kisogo, ukigusa tu mafuta mgongo unabandikwa kwenye kiti. Na nililiweza! Kona zote nilizikata kama nimezaliwa ndani yake. Mlima Hanang ukapita kushoto. Baadaye ukapita tena kushoto. Ukapita tena. Barabara gani hiyo?

"Sema umepokea, mkuu," mzee akaniambia taratibu.

Nikamtazama. Mashavu yalikuwa yanajaa, ndevu zinaanza kuwa nyeusi. Mikono yangu ndiyo ilikuwa inapoa. Usukani nauona, siusikii.

"Wewe uliipokea kwa nani?"

"Kwa mtu aliyekuwa amechoka."

"Lini?"

Akageuza uso dirishani. "Sema tu, mkuu. Neno moja. Na mimi nishuke."

Hapo nikaelewa. Nikilitamka, yeye anashuka, mimi sishuki tena. Na sikufichi, neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, gari lilivyokuwa tamu! Kilichoniokoa ni kazi yangu: sijawahi kupokea mashine sijaizunguka. Nikakanyaga breki. Viganja vilikuwa vimeganda kwenye usukani. Nikavivuta kwa nguvu, ngozi ikabaki pale. Nikashuka, nikazunguka. Nyuma yetu, kwenye vumbi lote lile, hapakuwa na alama ya tairi.

"Siipokei," nikasema. "Ina kasoro."

"Kasoro gani? Mbona mpya kabisa!"

"Haikanyagi chini."

Mzee alilia kama mtoto. Akarudi kwenye usukani, ndevu zikageuka nyeupe mbele ya macho yangu, na gari likaondoka bila kutimua vumbi.

Nilimkuta mwenzangu wa zamu, Gwandu wa Maretadu, juu ya trekta. Akaanza kufoka: "Wewe! Kambi iko huku, mbona unatokea kule Ziwa Basotu? Na jana ulikuwa wapi? Nimelima zamu yako na yangu, mgongo umekuwa ubao!"

Jana? Kwangu haikufika nusu saa. Nikamsimulia, akacheka: "Pombe ya nani hiyo, na mimi niende?" Nikafungua viganja. Akashuka, akazima injini. Msimu wa kulima, Gwandu alizima injini.

Kazi nilifukuzwa kwa utoro. Basi! Nikafungua gereji yangu Katesh, na leo malori yanatoka Singida kunitafuta. Viganja na vidole vilipona, ila ni laini kama yai lililomenywa, havina mstari hata mmoja. Mfuniko wa rejeta inayochemka naufungua mikono mitupu, wateja wanapiga kelele. Lakini kusajili laini ya simu kwa alama za vidole nilishindwa. Imesajiliwa kwa jina la mke wangu.

Kijana mpenda magari, nisikilize. Mtu mkubwa kwako akikuamkia yeye, akakusifia, akakupisha kwenye usukani, usiitikie. Mpite. Na usiseme wewe ni jasiri, kwa sababu mimi ni jasiri kuliko wewe, na bado kuna alfajiri nalisikia gari lile likipita nyuma ya mlima. Gia zinaingizwa vibaya, kwa uchovu. Nalala pale kitandani nikijua kabisa kwamba mimi ningeziingiza vizuri zaidi, na mke wangu ananishika mkono asiniachie.