Mikono Iliyozoea Usukani Mlegevu

Trakta yetu ilikuwa na usukani mlegevu kwa miaka mingi, hata nikaacha kuuhesabu kuwa ubovu. Uliuzungusha karibu robo nzima kabla magurudumu ya mbele hayajajibu. Basi nilijifunza kukata kona mapema, kabla ya kuifikia. Vifundo vya chini vilipozidi kulegea nilivifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, nikasema tutaona mbele.

Msimu uliopita mke wangu alikataa. Siku iliyofuata ilikuwa zamu yetu ya maji. Huku uwanda wa Ruzizi mfereji ni mmoja na mashamba ya mpunga ni mengi. Siku yako ikikukuta hujalima, maji yanapita kwa mwingine, nawe unangoja mpaka zamu izunguke, huku miche yako ikizeeka kitaluni. Na kulifikia shamba letu, lazima uvuke mfereji juu ya daraja jembamba la magogo.

“Minye siwezi kukuangalia tena ukipita pale na hii trakta,” alisema. “Nenda tafuta vyuma, ama nianze kulima na jembe ya mukono.”

Nikaenda sokoni Kimanga, nikarudi na rotili mbili zilizokwisha kutumika, vile vifundo vya chuma vinavyounga fito za usukani na magurudumu. Nikalala chini ya trakta. Yeye akapanda kitini, awe anazungusha usukani nami nitazame ni wapi chuma kinacheza.

“Pindua.”

“Niko napindua tangu zamani. Gurudumu iko inaniangalia tu.”

“Pindua tena, polepole.”

“Weye mzee, uko unatafuta ama umelala?”

Kusema kweli, nilikuwa karibu kulala. Kivuli kile kilikuwa cha kwanza nilichopata tangu asubuhi. Rotili zote mbili za zamani zilikuwa zimelika, na nati ya mkono wa usukani ilizunguka kwa vidole. Nikaikata mipira yangu ya zamani kwa kisu. Ilikuwa imekakamaa kama ngozi ya samaki mkavu. Nikabadilisha, nikakaza, nikapitisha waya kwenye nati isifunguke tena. Mke wangu akausukuma usukani kidogo tu, magurudumu yote mawili yakaanza kugeuka. Akacheka.

“Sasa zunguka kwanza hapa uwanjani,” akasema. “Mikono yako haijazoea.”

Nilimjibu kwamba nimeendesha trakta tangu yeye angali mtoto wa shule. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima, mgongo uliniuma, nilitaka siku ile iishe. Nikashika njia ya shambani.

Kwenye kona ya daraja, mikono ilifanya ilivyozoea: ilikata mapema. Safari hii trakta ilitii papo hapo. Gurudumu la mbele likaacha njia, likapasua ukingo wa mfereji, likazama. Maji yakaanza kupenya pale, kwanza kidogo, kisha mengi, yakaelekea moja kwa moja kwenye kitalu cha jirani yetu mjane.

Mjane alikuja na jembe begani. Akatazama maji, akanitazama mimi.

“Baba, si mulisema mumetengeneza?”

“Tumetengeneza. Kosa ni langu, si la trakta.”

“Basi weye ingia mu maji. Trakta haijui kujaza udongo.”

Majirani waliisukuma trakta ikarudi nyuma. Mimi, mke wangu na mjane tulijaza magunia udongo, tukaziba ukingo mpaka jua likashuka nyuma ya milima. Miche ya mjane ilikuwa imefunikwa na tope, ilhali shamba lake, alilolilima kwa mkono, lilikuwa tayari.

Kesho yake zamu yetu ilifika, shamba letu halijaguswa. Nikamwomba mzee wa mfereji, anayegawa zamu, amfungulie mjane maji yetu. Mke wangu aling'oa miche yetu yote ampelekee. Hakuniuliza.

Alinikuta uwanjani, nikizunguka na trakta bila jembe nyuma, nikijifunza upya. Akasimama na fungu la miche kichwani, maji yakimtiririka shingoni.

“Bado,” akasema nilipoikaribia kona. Mikono ilikuwa imeanza tayari, nikairudisha. “Bado, mzee. Ngojea.”

Nikangojea.

“Haya, sasa,” akasema, kisha akaenda zake kwa mjane.