Sauti Isiyovuta Pumzi

"Sasa ule mutoto iko napumua wapi?"

Mama mudogo, yaani mdogo wake mama yangu, aliniuliza hivyo akiwa ameshika mchi, na mimi niliyerudi Kasongo na diploma ya chuo kikuu cha Kisangani sikuwa na jibu. "Mutoto" aliyemsema ilikuwa sauti ya msichana iliyotoka kwenye bafle yangu ndogo, yaani spika, juu ya ukuta wa jikoni. Nilimweleza kwamba si mtoto wala si mtu. Ni Vocaloid, programu ya kompyuta kutoka Japani: mtunzi anaandika noti na maneno, mashine inaimba.

"Mashine," alisema. "Hata ikiwa mashine, bila kupumua itaanguka."

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Kwetu wanawake wanatwanga mpunga kwenye kinu kimoja kwa zamu za michi, na anayeanzisha wimbo huvuta pumzi kwa nguvu mwisho wa mstari. Pumzi hiyo ndiyo mlango. Wengine wanaingilia hapo na kiitikio, na kila mchi unajua zamu yake. Siku hiyo mama mudogo, aliyekuja kutoka Wamaza na mpunga wake juu ya pikipiki, alikuwa akitwanga na wasichana wawili wa jirani, na wakajaribu kuitikia wimbo wa bafle. Wimbo haukuwa na mlango. Mstari ulifuata mstari bila nafasi hata ya kumeza mate. Waliingia katikati, michi ikagongana, mpunga ukamwagika, na kuku tu ndio waliofurahi.

Nyimbo zile sikuzileta kwa ajili yao. Nilizileta kwa ajili ya mdogo wangu, aliyekaa mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo.

Mdogo wangu alikuwa mtunzi wa korali ya parokia tangu akiwa sekondari. Kisha rovu likamkua shingoni hadi likaanza kumbana koo. Alipasuliwa, akapona, na mimi, ambaye mara nyingi sijui nimshukuru nani, namshukuru kila mtu aliyemgusa siku ile. Lakini sauti haikurudi. Daktari alikuwa amemwonya kabla, kwamba mshipa unaoiongoza sauti unapita karibu sana na rovu. Kilichobaki kilikuwa mkwaruzo, kama karatasi kavu.

Korali yetu haisomi noti. Mtunzi anawaimbia wenzake sauti ya kwanza mpaka waishike, kisha ya pili, kisha ya tatu. Kwa hiyo mdogo wangu aliona kwamba asiye na sauti hana namna ya kutunga. Alikunja kitenge chake cha korali, akakiweka juu ya sanduku langu.

"Yaya," aliniita, kama tunavyowaita ndugu wakubwa, "utanirudishia ile kitenge siku ya Mungu."

"Mimi siendi kanisa, unajua."

"Ndiyo maana nimekuchagua. Hawatakuuliza kitu, watashangaa tu."

Nilikiacha pale pale. Badala ya kukirudisha, nilimwekea nyimbo kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu.

Nyimbo hizo nilizijua Kisangani, kwa msichana tuliyeshiriki naye chumba. Mwanzoni nilimcheka. Nilikuwa nahoji kila kitu wakati ule, mahubiri, maprofesa, hata bei ya mkate, na hilo nalo nililihoji: huzuni ya sauti ambayo haijawahi kulia ni huzuni ya nani? Alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake: "Ya aliyetunga. Ulifikiri ya nani?" Ni jibu dogo, lakini nililibeba mpaka Kindu, na kutoka Kindu mpaka nyumbani.

Mdogo wangu nilimchagulia tatu, na kijana akiniuliza leo aanzie wapi, bado nampangia vilevile. Kwanza ile ya haraka, ya mtu aliyeshindwa mtihani akaamua kufagia chumba chake kwa hasira. Hiyo usiitafutie maana, iachie miguu. Ndiyo iliyogonganisha michi. Kisha ile ya mtu anayeosha vyombo baada ya wageni kuondoka. Sauti yake haitetemeki hata kidogo, na kwa kuwa haitetemeki, inauma. Mwisho ile ya polepole, ya mtu anayemsindikiza rafiki mpaka kwenye treni na kukosa la kusema. Kijapani sikijui, na tafsiri za Kifaransa ambazo mashabiki wanaziweka kwenye internet siziamini sana. Sikiliza kwanza, utasoma baadaye.

Hiyo ya tatu ilifika wakati mpunga umekwisha kukusanywa na kutwanga kumeanza tena. Mwisho wa mstari wa kwanza, sauti ilivuta pumzi. Ilisikika wazi, fupi, kama ya mtu aliyepanda kilima. Mama mudogo hakuinua hata kichwa. Aliingia hapo hapo na kiitikio chake cha Kibangubangu, wasichana wakamfuata, na michi ikaenda sawa.

"Huyu sasa iko na adabu," alisema. "Anafungua mulango."

Mdogo wangu aliacha sombe. Aliurudisha wimbo mwanzo, akasikiliza pale penye pumzi, akaurudisha tena.

"Yaya, hawa wenye kutunga, wote wanajua kuimba?"

"Sijui. Wengine pengine hapana."

Alizima bafle. Alikwenda kusimama karibu na kinu, akafungua mdomo, akavuta pumzi tu, bila neno. Wanawake waliitikia. Akavuta tena, ndefu zaidi, nao wakachelewa pamoja naye. Akavuta mbili fupi za haraka, na michi ikalazimika kukimbia.

"Wee! Hata bila sauti uko natusumbua," mama mudogo alilalamika, jasho likimtoka, na mdogo wangu akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha mkwaruzo. Tangu hospitali sikuwa nimekisikia.

Jioni aliniomba nimtafutie kinanda cha kwenye simu. Tulipata kimoja cha bure. Alijifunza kwa kidole kimoja, akikosea na kujitukana kwa kunong'ona, mpaka akaweza kupiga sauti ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Asubuhi moja nilitazama juu ya sanduku langu, kitenge hakikuwepo. Sikuuliza, jambo ambalo si la kawaida yangu.

Sikukuu ya parokia nilikwenda kanisani, na kweli walishangaa. Nilisimama nyuma. Bado sikuwa na hakika na mengi yaliyosemwa pale mbele. Lakini korali iliimba wimbo wa mdogo wangu, na yeye alisimama akiwaangalia, na kabla ya kila mstari niliisikia pumzi yake ikiwafungulia. Nilishukuru. Sikujisumbua kutafuta shukrani hiyo inaelekea wapi.

Muda mrefu baadaye, rafiki aliniazima kompyuta yenye programu ya aina ile, nikajaribu kutunga kitu, kikatoka kibaya. Hapo ndipo nilipojua ambacho ningemjibu mama mudogo alipouliza yule mutoto anapumua wapi. Sauti ile ilikatwa kutoka kwa mtu wa kweli, aliyeketi studio akitamka silabi moja moja, na alipomaliza silabi walimrekodi akivuta pumzi tu. Pumzi hizo zinawekwa kando. Mashine haiziingizi yenyewe: mtunzi anayetaka mwimbaji wake apumue lazima aiweke kila pumzi kwa mkono wake.